Fomu ya Safari ya Skuli Isikwame Kabatini



Watoto wameanza kurudi nyumbani na karatasi za ruhusa. Skuli inakwenda Jozani, au Kizimkazi, au Chumbe, au mara hii kidato cha tatu wanavuka kwenda Pemba siku tatu. Karatasi ya mtoto wa kiume hailali hata usiku mmoja. Baba anatia saini huku anakunywa chai yake, na mama anachouliza ni mchango shilingi ngapi. Ya mtoto wa kike inawekwa kabatini, juu ya vikombe vya wageni, na hapo inakaa.

"Mama, niende?"

"Muulize baba'ko."

"Baba kasema nikuulize wewe."

Basi inakuwa hivyo mpaka siku ya safari inapita. Hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali. Gari limeshaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na binti yupo nyumbani anakuna nazi.

Mimi naona tunawadhulumu watoto wetu wa kike kwa ukimya huu, na nitasema kwa nini. Sitosema kwamba kila safari ni nzuri. Ziko safari ambazo hata mimi nisingempeleka paka wangu: gari bovu, walimu wawili kwa watoto themanini, muziki mkubwa mpaka Sala ya Adhuhuri inapita hakuna aliyekumbuka. Hizo tutazizungumza. Lakini mara nyingi tunapomzuia binti, sababu si gari wala sala.

Sababu ninayoisikia kuliko zote ni jua. Wallahi, jua! "Atarudi mweusi, na harusi ya dada yake ni mwezi ujao, picha zitakuwaje?" Mtoto wa miaka kumi na nne ananyimwa bahari kwa sababu ya picha za harusi ya mtu mwengine. Haya, tujibu kwa lugha ya humu humu ndani. Sisi ndio watu wa singo. Sisi ndio tunaojua liwa na maua ya waridi na manjano yanavyofanya kazi. Rangi ya jua la siku moja huondoka kwa wiki mbili za kusinga, na isipoondoka, mtoto kawa mweusi kidogo, Alhamdulillah, ndiyo rangi aliyompa Mola wake na bibi zake. Kwa hili sina subira nyingi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mama anaogopa. Anaogopa bahari, anaogopa barabara, anaogopa watu. Hofu hiyo siicheki, maana nchi yetu inajua bahari inaweza kufanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu hawakurudi. Haujatimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ni nyumba ngapi hapa Unguja na Pemba ambazo hazikuguswa na moja kati ya hizo mbili? Mama aliyempoteza ndugu yake baharini akikwambia "mwanangu hapandi chombo", unanyamaza kwanza.

Ukishanyamaza, ukafikiri, utaona kwamba sisi ni watu wa kisiwa. Bahari hatuwezi kuihama. Binti huyu atavuka siku moja, kwa masomo, kwa matibabu, kwa kuolewa, kwa msiba. Swali ni atavuka hali ya kuwa anajua nini. Anajua kuvaa jaketi la kuokolea na kulikaza kamba? Anajua kulala chali juu ya maji akapumua bila ya kupapatika? Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote usiku ule wa Nungwi. Mkondo ule wavuvi wenyewe wanauheshimu. Lakini kuelea kwa nusu saa ni nusu saa ya kuonekana na chombo cha uokozi. Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kumfungia mtoto ndani akawa hajui maji ni kitu gani, huko si kumfunga ngamia.

Tena tazameni wanaoingia baharini kila siku. Nenda Paje, nenda Jambiani, maji yakipwa, utaona ni kina nani wameinama kwenye kamba za mwani. Ni wanawake. Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989 na mpaka leo mikono yake mingi ni ya mama zetu. Miaka hii maji ya karibu na ufukwe yamekuwa ya moto, mwani mnene wenye bei nzuri unakufa, na njia mojawapo wanayoambiwa ni kuuhamishia kwenye kina kirefu. Kina kirefu kinataka chombo na kinataka mtu anayejua kuogelea. Kumbe mama aliyefanya kazi baharini miaka thelathini anashindwa kuifuata riziki yake mita mia mbili mbele, kwa sababu alipokuwa mtoto kaka zake walikuwa wanaruka kutoka kwenye ngalawa na yeye akaambiwa akae juu, msichana haogelei.

Huko kaskazini, upande wa Kijini mpaka Nungwi, Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima na vitambaa vyao kichwani, wengine wakijifunza kuelea kwa kukumbatia madumu matupu ya plastiki. Dumu tupu, dada zangu, lile lile la mafuta ya kupikia. Mpiga picha wa kutoka nje akaja akawapiga picha, na picha zikapata tuzo duniani. Mimi zilinipa furaha na zikaniudhi kwa wakati mmoja. Furaha kwa sababu ya nyuso za wale watoto. Niliudhika kwa sababu jambo la watoto wetu, ndani ya bahari yetu, likawa habari kubwa huko kwa watu, na humu mwetu bado tunabishana kama inafaa.

Sasa Chumbe yenyewe, maana hiyo ndiyo safari ambayo fomu yake hukwama zaidi. Kisiwa kile kipo kilomita kama 12 tu kusini ya Mji Mkongwe. Miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa rasmi tokea 1994, na mapato ya utalii wa kule husaidia kupeleka wanafunzi wetu kujifunza. Kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na karibu yake upo msikiti mdogo wa zamani wenye umbo la Kihindi. Msituni kumewekwa paa nunga, mnyama ambaye watoto wetu wengi wamelisikia jina lake tu, na usiku hutoka kaa wakubwa wanaopanda miti. Mwanafunzi anapewa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, anaambiwa tia uso ndani ya maji.

Hapo ndipo kazi ilipo. Wengi wa wasichana hawajawahi kutia uso ndani ya maji ya bahari hata mara moja, na wamezaliwa wanaiona. Wa kwanza anakataa, wa pili anapiga kelele. Wa tatu anatia uso, ananyanyuka, anatia tena, na safari hii hanyanyuki. Akitoka anamshika mkono yule wa kwanza. Mwalimu hakusema neno. Hili mtoto halipati ndani ya darasa lenye watoto sabini ambamo kila jibu lipo ubaoni. Aliogopa kitu, akakifanya huku anaogopa, halafu akamvuta mwenzake. Ukiwa na neno jengine la tabia njema niambie, mimi kwangu ni hilo.

Najua wapo watakaosema, tabia hujengwa na madrasa na mama. Kweli kabisa, na hakuna anayetaka kumpokonya mama kazi yake. Lakini angalieni mafunzo ya dini yetu wenyewe yamekaaje. Qur'ani inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alilelewa jangwani kwa Bi Halima, akachunga mifugo. Bi Aisha alishindana naye mbio wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye mwili ulipomzidi akashindwa yeye, na wote wakalichukua kwa furaha. Hivi leo ni binti gani wa kwetu anayejua mara ya mwisho alikimbia lini?

Na kisa ninachokipenda kuliko vyote, na sijui kwa nini hatukisomi kwenye shughuli zetu, ni cha Bi Ummu Haram bint Milhan. Mtume alilala mchana nyumbani kwake, akaamka anatabasamu, akamwambia ameoneshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme kwenye viti vyao vya enzi. Bibi yule hakusema "masikini wanaume hao". Akasema, niombee niwe miongoni mwao. Akaombewa. Miaka ikapita, akavuka bahari pamoja na mumewe Ubada bin Samit, akafika Cyprus, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake na kufa huko huko, na kaburi lake huzuriwa karibu na Larnaca. Alivuka pamoja na mumewe, ndiyo, na hilo nitalirudia. Lakini ombi lilikuwa lake mwenyewe.

Halafu ifikirieni Hija. Sote tunawaombea watoto wetu waende Makka. Kutembea baina ya Safaa na Marwa ni kilomita tatu na zaidi. Mina ni mahema. Muzdalifa mtu hulala chini, nje, juu ya jamvi na mawe, hana dari ila mbingu, choo kwa foleni. Tunamlea binti asiyeweza kulala bila feni, asiyekula kitu kisichopikwa na mamake, asiyejua kuoga kwa kopo moja la maji, kisha tunamuombea Hija. Safari ya skuli ya siku mbili Pemba, kulala kwenye mkeka pamoja na wenzake thelathini, kuamka Alfajiri kwa foleni ya bomba moja, hayo ni mazoezi ya bei rahisi sana.

Mabibi harusi, hapa nazungumza na nyinyi. Usiku wa kwanza wa wengi wetu kulala nje ya nyumba ya mama ni usiku wa harusi. Jamani, hili tumelizoea mpaka hatulioni. Usiku mkubwa kuliko yote katika maisha ya binti, nyumba ngeni, mume bado mgeni, na juu ya hayo yote ndiyo mara yake ya kwanza kuamka asimsikie mamake akigombana na kuku. Somo amemfundisha vizuri, Mungu amlipe. Amefundishwa kusinga, kufukiza udi, kutandika, kukaa na wakwe, namna ya kusema na namna ya kunyamaza. Lakini hakuna kungwi anayeweza kumfundisha mtu upweke kwa maneno. Upweke hufundishwa kwa kuwa mbali kidogo na nyumbani na kurudi salama, mara ya kwanza siku moja, mara ya pili siku tatu.

Na wengi wa mabinti wetu hawaolewi mtaa wa pili tena. Wanaolewa Dar es Salaam, wanaolewa Maskati na Dubai, wanaolewa London. Bibi harusi wa miaka ishirini na mbili anashuka uwanja wa ndege, mume anakwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi na kurudi Magharibi, na yeye yupo ndani ya fleti ghorofa ya saba. Nimezungumza na wengi walio huko. Wanaoumia zaidi si wale wasiojua kupika. Kupika hujifunza kwa simu, mama yupo kwenye video anaonesha. Wanaoumia ni wale ambao hawajawahi kupotea njia wakaiuliza, hawajawahi kuugua tumbo mbali na nyumbani, hawajawahi kugombana na mwenzao wa chumbani ikabidi wapatane kwa sababu hakuna pa kwenda. Mtu aliyepita kwenye ubao wa mikoko ya Jozani, mguu ukateleza ukaingia topeni mpaka gotini, wenzake wakamcheka, akacheka, akaendelea na safari, kuna kitu keshakipata.

Kabla hamjaniambia haya ni mambo ya Kizungu, nikumbusheni neno "dago" ni la nani. Wavuvi wetu, hasa Watumbatu na Wapemba, tokea zamani huhama na vyombo vyao, wakapiga kambi pwani ya mbali kwa wiki na miezi, wakapika wenyewe, wakagawana samaki, na kijana aliyekwenda dago akirudi hupokewa kama mtu mzima. Kambi ni yetu. Tulichofanya ni kuigawa: wa kiume aende dago, wa kike akae. Na kila mara mtu anapotaka kumnyanyua huyu wa pili, maneno ni yale yale. Ilipofunguliwa skuli ya wasichana ya serikali hapa mjini mwaka 1927, wazee wengi walisitasita vile vile. Leo nani hapa asiyetaka bintiye asome?

Tusiwasahau wavulana, maana na wao kwenye safari hizi tunawaharibu au tunawajenga. Ukienda na darasa mchanganyiko ukaona wasichana ndio wanaogawa chakula, wanakosha sahani, wanafagia, na wavulana wamelala chini ya muembe, ujue skuli hiyo inakuandalia mume mvivu kwa ajili ya mtoto wako. Mtume alikuwa akishona viatu vyake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Basi kijana wa kidato cha pili akikosha sufuria la pilau hatavunjika mkono. Mwalimu mmoja wa kike ninayemjua ana kanuni: wavulana wanapika siku ya kwanza. Wali ulitoka bokoboko, wakala wote, na aliyelalamika akapewa zamu ya pili. Hao ndio ningependa waje kuposa.

Safari za utamaduni nazo zina ugumu wake, ambao si wa miguu. Kwenda Kizimkazi Dimbani ni jambo la raha: mtoto anasimama mbele ya kibla cha msikiti ulioandikwa kwa hati ya Kufi mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na anatambua kwamba Uislamu hapa haukuja na babu yake. Kwenda Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, kusikia hadithi za ukali wake, watoto hupenda. Misali, pale wazee wanaposimulia kwamba Nabii Khidhri alikosa msala akakifanya kisiwa kizima kuwa msala wake, kila mtoto hurudi na simulizi.

Lakini mpelekeni mtoto Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mpelekeni Mangapwani, kwenye vyumba vya chini vya mawe ambamo watu walifichwa ili biashara iendelee kwa siri baada ya kupigwa marufuku. Hapo hakuna kucheka. Mtoto anarudi nyumbani na swali: "Mama, sisi tulikuwa upande gani?" Na jawabu la kweli kwa nyumba nyingi za visiwa hivi ni kwamba tulikuwa pande zote mbili. Ana bibi aliyeuzwa na babu aliyenunua, na wote wawili wamo ndani ya damu yake. Wapo wazazi wasiotaka safari ile kwa sababu hiyo hiyo, wanasema inachafua jina la Waislamu. Mimi naona mtoto anayeweza kusimama mbele ya dhulma iliyofanywa na watu wanaofanana naye, asikane na asijichukie, huyo ndiye atakayejua kusema "hapana" siku atakapoona mfanyakazi wa ndani anapigwa au ananyimwa mshahara wake. Kwetu sisi wenye majumba na wasichana wa kazi, hilo si somo la kale.

Haya, masharti. Nimesema nitayarudia.

Suala la maharimu si la kulipuuza. Kwenda Jozani asubuhi na kurudi Laasiri ni jambo moja, maana kisiwa chetu kizima urefu wake ni kilomita 85 hivi. Kuvuka bahari na kulala ni jambo jengine, na wanazuoni wana maneno yao. Mwenye shaka amuulize sheikhe anayemuamini, asijifanyie fatwa kwa kusoma maoni ya watu kwenye simu, na asiyatumie maneno ya dini kufunika suala la jua na rangi ya ngozi. Lipo na suluhisho ambalo skuli hazilitumii vya kutosha: kuwaalika akina mama na makhalati wafuatane na safari. Nyanya mmoja aliyezoea kuvua pweza atawafundisha watoto kuhusu maji kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, kuliko kitabu chochote, na hakuna kijana atakayethubutu utovu wa adabu mbele yake. Na baba asiyeweza kumuachia bintiye basi afuatane naye. Kama harusi ya Pemba twajaza boti nzima, safari ya skuli inashindikana nini?

Suala la udhalilishaji hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi, na mama anayezuia kwa sababu hiyo yuko sahihi mpaka ajibiwe. Uliza waziwazi, usione haya. Walimu wa kike ni wangapi, na majina yao? Wasichana watalala wapi, na mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje? Nani ana ufunguo? Msichana akiugua usiku atamuamsha nani? Mwanamume yeyote, awe mwalimu, dereva au mtembezaji, asibaki peke yake na mtoto mmoja, hata kwa dakika tano za kwenda dukani. Mwalimu mkuu mwema hatokasirika kwa maswali haya, atakuwa na majawabu kabla hujamaliza kuuliza. Anayekasirika, kataa, na waambie na wazazi wengine kwa nini umekataa. Na binti mwenyewe afundishwe kabla ya safari kwamba akiguswa vibaya apige kelele, kisha aseme, na kwamba utamuamini. Hili la mwisho lisemwe kwa mdomo, asiachiwe akisie.

Chombo kikipakia kupita kiasi, mtoto ashuke. Jaketi la kuokolea liwe la kila mtu, livaliwe, lisikaliwe kama mto. Tumeshazika vya kutosha.

Fedha pia. Kuna watoto ambao karatasi yao hukwama kwa sababu mchango haupo na mama anaona haya kusema. Ninyi mnaofanya harusi mwaka huu, na najua bajeti ya keki na ya mapambo peke yake, chukueni kiasi mkawalipie wasichana watatu wa skuli ya mtaani kwenu waende Chumbe au Kizimkazi. Iwe sadaka ya harusi yenu, na msitangaze.

Basi ukishatia saini, mkoba wake utie hivi. Suruali pana nyepesi na juba fupi la kutembelea, maana juba refu likilowa maji ya bahari huwa zito na ni hatari. Jaribuni nyumbani kwanza, alilowanishe atembee nalo. Mitandio miwili ya pamba ya kuvuta kichwani bila ya pini, pini huumiza ukivaa miwani ya kuzamia. Viatu vya plastiki vya kufunga nyuma, si vya kuchomeka kidole, vitabaki matopeni. Msala mdogo, na kama mwalimu hakutangaza wakati wa sala, binti ndiye auulize. Pedi, hata kama siku zake bado. Na akiwa kwenye siku zake asibaki nyumbani kwa hilo, msitu hauzuii, na mwalimu wa kike aambiwe mapema ili asimlazimishe kuingia majini. Chupa mbili za maji. Maandazi na mayai ya kuchemsha yanayomtosha yeye na mwenzake mmoja asiyekuja na kitu, kwa sababu atakuwepo. Na karatasi yenye nambari yako ya simu iliyoandikwa kwa kalamu, simu huisha chaji.